Anayenunua Nyumba Buzuruga Amuulize Nani?

  

Muislamu anapotaka kununua nyumba katika mji wetu wa Mwanza hupata maneno mengi na ushahidi mchache. Tuichukue Buzuruga kuwa mfano, kwa kuwa ndipo wengi wetu tunapoishi, na wasomaji wetu wa Nyakato, Mecco na Igoma hupapita kila siku. Ukiuliza habari za Buzuruga kwa watu watatu utarudi nyumbani na Buzuruga tatu. Wa kwanza atakuambia kuwa hapana mahali pazuri kama hapo: barabara kuu ya Musoma ipo mlangoni, daladala za mjini hazikatiki, kituo cha afya kipo karibu, na chumba cha kupangisha hakilali kitupu. Wa pili atakuambia umche Mungu na uwaonee huruma watoto wako: stendi ile, baa zile, makelele yale ya usiku, vijana wale wasio na kazi. Wa tatu atatabasamu na kusema, "Mtaa ni watu tu, ndugu yangu, Mungu atakusaidia," kisha atabadilisha mazungumzo.

Huyu wa tatu ndiye tunayetaka kusema naye katika toleo hili.

Wa kwanza na wa pili tunawaelewa, kwani kila mmoja anasimulia pale anapolala. Mwenye nyumba iliyokabili barabara, aliyegeuza vyumba vya mbele kuwa fremu za maduka, anaiona stendi kuwa ni riziki. Jirani yake wa nyumba ya tano kwa nyuma, asiye na fremu wala mpangaji, anaiona stendi hiyo hiyo kuwa ni adha. Mama anayenunua maji ya ndoo bomba linapokauka ana Buzuruga yake, na mwenye tangi la lita 5,000 juu ya mnara ana yake. Tena maneno nayo yana tarehe. Kwa miaka mingi stendi ya Buzuruga ilikuwa ndiyo mlango wa abiria wa Bunda, Musoma, Tarime na Sirari. Ilipokuja kujengwa stendi kubwa ya Nyamhongolo, mambo yakabadilika. Basi anayelalamikia honi za mabasi ya alfajiri aulizwe anazungumzia mwaka gani, na anayesifia biashara inayotokana na wingi wa abiria aulizwe vivyo hivyo. Hata mamlaka ya eneo imebadilika: mpaka mwaka 2012 tulikuwa chini ya Jiji la Mwanza, ndipo Ilemela ikapewa Manispaa yake. Mtu aliyehama mwaka 2010, akatoa habari za mtaa kana kwamba ametoka jana, hakusema uongo, lakini habari aliyoitoa imekwisha kufa.

Ni ajabu kubwa kwamba sisi tunaojinasibu na Sunna tunajisifu kuwa hatupokei Hadithi mpaka tuijue sanadi yake. Tunauliza: nani kaipokea kutoka kwa nani, walikutana au hawakukutana, alikuwa mwadilifu au la, hifadhi yake ilikuwaje uzeeni. Vijana wetu hukesha katika elimu hiyo, na ni elimu tukufu. Lakini kijana huyo huyo hutoa mamilioni ya shilingi kwa kauli ya dalali mmoja aliyekutana naye kijiweni, ambaye malipo yake hayapatikani ila biashara ikitimia! Hamuulizi kama mwenye kuusifu mtaa ana nyumba ya kuuza katika mtaa huo. Hamuulizi mwenye kuuponda kama ana kiwanja chake huko Buswelu anachokitafutia mteja. Laiti mpokezi wa Hadithi angekuwa na maslahi ya wazi namna hiyo katika anayoyapokea, wanazuoni wangesitasita kumkubali. Katika nyumba tunamkubali na chai tunamnunulia.

Sasa turudi kwa yule aliyenyamaza. Huyu aghalabu ni mtu mwema. Anajua kuwa nyumba inayouzwa huingia maji kila masika. Anajua kuwa ukuta wa upande wa choo una kesi na jirani. Anajua kuwa wauzaji ni ndugu wawili kati ya saba, na kuwa dada zao walioolewa Shinyanga na Geita hawana habari. Yote anayajua, na anapoulizwa na Muislamu mwenzake nje ya mlango wa msikiti, ananyamaza. Ukimfuata baadaye na kumuuliza kwa nini hakusema, atakupa mojawapo ya majibu mawili: "Sikutaka kuharibu biashara ya mtu," au "Niliogopa ghiba."

Tuanze na hili la ghiba, maana limevikwa joho la ucha Mungu na hivyo linadanganya zaidi. Ghiba ni haramu, na makemeo yake katika Suratul Hujurat yanajulikana na kila aliyekaa madrasa. Lakini wanazuoni walioandika juu ya uharamu wake ndio hao hao walioandika mipaka yake. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Riyadhus Salihin ametenga mlango mzima wa yale yanayoruhusiwa katika ghiba, akayataja mambo sita. Miongoni mwake ni kuwatahadharisha Waislamu na kuwanasihi, na hapo akataja mtu anayetaka ushauri juu ya kuoana na fulani, au kushirikiana naye katika mali, au kumwekea amana, au kufanya naye biashara, au kuwa jirani yake. Ujirani umetajwa waziwazi! Tena akasema kuwa anayetakwa ushauri asifiche hali ya mtu huyo, bali aitaje aibu yake kwa nia ya kunasihi. Dalili anayo. Fatima bint Qays (r.a.) alipomwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri juu ya wanaume wawili waliomposa, Mtume (s.a.w.) hakumwambia kuwa wote ni watu tu na Mungu atamsaidia. Alimwambia kuwa mmoja ni fakiri asiye na mali, na mwingine ni mkali kwa wanawake. Kisha akamshauri aolewe na wa tatu.

Basi anayesema ananyamaza kwa kuogopa ghiba, hali ameulizwa na mwenye haja, ameyashika maneno ya wanazuoni kwa ncha moja. Na mara nyingi, tuseme kweli, si ghiba inayomnyamazisha. Jioni ile ile utamkuta kijiweni akiisimulia nyumba hiyo hiyo, ufa kwa ufa, mbele ya watu sita ambao hakuna hata mmoja anayetaka kuinunua.

Ama hoja ya kuharibu biashara ya mtu, jibu lake liko sokoni Madina. Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula linalouzwa, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata umande. Akamuuliza mwenye chakula, ni nini hii? Yule mtu akajibu kuwa kilinyeshewa. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tuitafakari riwaya hii taratibu, sisi watu wa mji wenye mvua za vuli na za masika. Mtu yule hakukiloweka chakula chake. Mvua ndiyo iliyokiloweka. Kosa lake lilikuwa kugeuza lundo. Na hivi ndivyo nyumba zinavyouzwa katika mitaa yetu. Mvua za Aprili zikisha kupita, mwenye nyumba hungoja ukuta ukauke, hununua ndoo mbili za rangi, huufuta ule mstari wa kahawia uliobaki ukutani kwa urefu wa goti, kisha mwezi wa Julai humwita dalali. Mnunuzi hufika jua likiwaka, barabara ni kavu, rangi inanukia upya. Majirani wote wanaoufahamu ule mstari ulipokuwa wanamwona akipima vyumba kwa hatua, nao wanaitikia salamu yake.

Tumeona kule Mabatini, pembezoni mwa Mto Mirongo, jinsi maji yanavyorudi katika nyumba zile zile mwaka baada ya mwaka. Hakuna mkazi wa Mabatini asiyejua maji yanafika wapi. Elimu ipo, tena ni ya uhakika kuliko ramani yoyote. Inayokosekana ni ndimi za kuisema kabla fedha hazijabadilisha mikono. Ndiyo maana tunamnasihi kila anayenunua, iwe Buzuruga au kwingineko, asitosheke kuiona nyumba wakati wa kiangazi. Aende Novemba au Aprili, tena baada ya mvua kubwa. Aende usiku wa Jumamosi, saa tano, asimame nje kwa nusu saa asikilize. Aende alfajiri aone kama njia ya kwenda msikitini inapitika na kama ina mwanga. Awaulize wapangaji, si wenye nyumba peke yao, kwa sababu mpangaji hana bei ya kuilinda.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya dunia na hayastahili kurasa hizi. Je, Mwenyezi Mungu hakuamrisha katika Suratun Nisaa, Aya ya 36, wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, akauunganisha na amri ya kumuabudu Yeye peke Yake? Na Mtume (s.a.w.) hakueleza kuwa Jibrili (a.s.) aliendelea kumuusia juu ya jirani mpaka akadhani kuwa atamfanya mrithi? Wema wa kwanza kwa jirani ajaye ni kumwambia anakoingia.

Katika karatasi hatutakaa sana, kwani yapo ambayo kila mtu anatakiwa ayajue na hakuna udhuru wa kutoyajua. Chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuikalia, na haki hiyo ina hati na ina muda. Mhuri wa ofisi ya mtaa unaonyesha kuwa muuzaji na mnunuzi walikutana pale; haukufanyi kuwa mmiliki wa kiwanja ambacho muuzaji hakukimiliki. Nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa, na kama kiwanja kiligawiwa zamani uliza pia kumbukumbu za enzi ya Jiji. Muuzaji akiwa na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, haimruhusu kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Inatusikitisha kuwa Waislamu wanaojua kwa moyo haki za mwanamke katika Suratun Nisaa hushtuka wakiambiwa mke lazima atie saini.

Mirathi ndiyo donda kubwa zaidi. Baba amefariki, nyumba imebaki, kaka mkubwa anashika funguo. Miaka inapita bila fungu la mtu yeyote kutolewa. Siku moja kaka anaiuza kama yake. Hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna aliyemuuliza mjane, na sehemu za mabinti zimeliwa ndani ya bei. Anayenunua nyumba kama hiyo kwa kujua ameshiriki katika kula mali ya warithi, na pengine ya mayatima, hata kama alilipa bei kamili. Na jirani aliyejua akanyamaza, aitazame nafsi yake. Kesi za namna hii ndizo zinazojaza Mabaraza ya Ardhi na Nyumba yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2002, na humaliza akiba za watu pamoja na undugu wao.

Kisha mnunuzi aliyetapeliwa, badala ya kwenda barazani na mashahidi, huenda kutafuta wa kumsomea Albadiri ili tapeli apasuke tumbo. Na mwingine, kabla hata ya kuhamia, huleta mganga aje kuzindika nyumba kwa hirizi za pembe nne. Hili tumelisema katika matoleo mengi na hatuchoki: pembe nne za nyumba zinazohitaji kukaguliwa ni zile zenye nyufa. Fedha ya zindiko ingetosha kumlipa fundi mwaminifu siku moja azitazame.

Inafaa hapa tutupe jicho mbali kidogo. Katika nchi ya Uholanzi, ambako wapo wenzetu wa Afrika Mashariki, hasa Wasomali, wapo watu wengi wasionunua nyumba yenye uwanja wake. Wananunua fleti ndani ya jengo la ghorofa, ukuta kwa ukuta na watu wa kila dini na kila rangi. Huko nako maoni juu ya mtaa hutofautiana kama yanavyotofautiana kwetu: mmoja husema mtaa ni wa hatari, wa pili husema ni wenye uhai, na bei hupanda na kushuka kwa maneno hayo. Lakini muuzaji analazimika kueleza kasoro anazozijua, na kwa desturi hujaza fomu ya maswali juu ya paa, unyevu, na hata ugomvi na majirani. Na tangu Septemba 2003 sheria yao inampa anayenunua nyumba ya kuishi siku tatu za kujirudi baada ya kupokea nakala ya mkataba. Ndani ya siku hizo anaweza kujitoa bila kutoa sababu.

Siku tatu! Msomaji aliyesoma fikihi ataguswa na idadi hiyo. Alikuwapo Madina mtu aliyekuwa akidanganywa katika biashara, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha kusema, kila anapofunga mauziano, kwamba pasiwe na udanganyifu, na katika baadhi ya mapokezi akampa hiari ya siku tatu. Kutokana na hapo madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi katika Afrika Mashariki wamelelewa nayo, yakaweka hiari ya sharti isiyozidi siku tatu. Yaani haki ambayo Waholanzi wamemwandikia mnunuzi wao mwaka 2003, vitabu vilivyo kabatini mwa misikiti yetu vinayo kwa zaidi ya miaka elfu. Ni nani Mwanza amewahi kuona mkataba wa nyumba baina ya Waislamu wawili wenye sharti hilo? Tunauandika "mbele ya mashahidi," tunapiga dole gumba, na muuzaji anaondoka na fedha kwenye mfuko wa plastiki kabla wino haujakauka. Hatulalamiki kuwa hatuna sheria. Tunalalamika kuwa sheria iko kabatini.

Na fleti zitakuja kwetu pia, zimeshaanza. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inamruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, huku ngazi, paa na eneo la nje vikiwa vya wote. Mwenye kuona hilo ni jambo la kigeni asome mlango wa sulhu katika Minhaj: wanazuoni walishajadili ukuta wa shirika, na dari iliyo kati ya mwenye ghorofa ya juu na mwenye ya chini, karne nyingi kabla ya saruji kufika ziwani.

Ama riba, tuseme kwa ufupi kwa sababu hukumu yake haina utata. Mikopo ya nyumba ya mabenki ya kawaida nchini imekuwa ikitozwa riba ya asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka. Mtu akikopa shilingi milioni 30 kwa asilimia 15 na kulipa kila mwezi kwa miaka 15, atakuwa amelipa zaidi ya milioni 75. Nyumba moja ameilipia mara mbili na nusu, na amebeba vita alivyotangaziwa na Allah na Mtume Wake. Ipo Benki ya Amana iliyoanza mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na yapo madirisha ya Kiislamu katika mabenki mengine. Mtu aende, aulize, na asome mkataba, maana neno la Kiarabu juu ya karatasi halihalalishi kilichomo ndani. Na ipo njia ya zamani, kununua kwa mafungu kwa muuzaji mwenyewe, bei moja iliyokatwa siku ya kwanza na kuandikwa.

Njia hiyo ina kisa ambacho tungependa kila khatibu akisome. Abu Rafi'i (r.a.) alikuwa na vyumba viwili ndani ya ua wa Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), akamtaka Sa'd avinunue. Sa'd akasema hatatoa zaidi ya 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi'i alikuwa ameshapewa ahadi na mwingine ya dinari 500 taslimu, ambazo kwa thamani ya siku zile zilizidi. Akamuuzia Sa'd. Akaeleza kuwa lau si kumsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, asingeviachia kwa bei hiyo. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mpaka wa haki hii: Mahanafi wanampa jirani, Mashafi wanaibakiza kwa mshirika katika mali. Tofauti hiyo tunaiheshimu. Lakini ni nani kati yetu leo, akitaka kuuza, humgongea jirani mlango kwanza? Jirani hujua siku lori la kuhamisha vitanda linapofika.

Hapa tunafikia kundi ambalo litakasirika, nasi hatutawaomba radhi. Ni wale ndugu zetu wenye uwezo ambao wameamua kuwa Buzuruga si mahali pa kulea watoto, na wanahama kimyakimya. Hoja yao ni kuwa mtaa umechanganyika mno, una baa na una mahubiri ya vipaza sauti, kwa hiyo wanatafuta viwanja vya mbali ambako watakaa Waislamu watupu. Wengine wamepanda vilimani penye mawe, mahali pasipofika gari la maji. Wengine wameshuka ufukweni, na hawa tuwakumbushe mambo mawili: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita hata kiwango cha mwaka 1964, likaingia katika nyumba za watu waliodhani wamenunua mandhari.

Mtu ana haki ya kuhama. Sisi hatuna mamlaka ya kumfunga mtu mtaani. Lakini mtaa wa Waislamu watupu wanaoutafuta haukuwapo hata Madina ya Mtume (s.a.w.), ambako Mayahudi na wanafiki walikuwa majirani. Na msikiti wanaouacha nyuma unabaki na wazee na wapangaji, watu wa swala, ndiyo, lakini si watu wenye uwezo wa kulipa bili ya maji ya udhu. Mbaya zaidi ni namna wanavyouza. Barazani wanausema mtaa kwa ubaya wote, lakini wakishaweka nyumba sokoni, mtaa huo huo unageuka kuwa Pepo. Ndugu yangu, ama yale uliyoyasema barazani yalikuwa kweli, na hivyo unamficha mnunuzi. Ama yalikuwa uongo, na hivyo umeuzulia mtaa na watu wake. Chagua moja.

Tunachopendekeza si kigumu. Kila kamati ya msikiti iteue watu watatu wanaoujua mtaa, mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa habari za maji, za watoto na za usalama wa uchochoroni wanawake wanazijua zaidi. Wasiwe madalali na wasichukue ujira. Muislamu anayetaka kununua au kupanga aende kwao, nao wamwambie wanayoyajua kwa macho yao, wayatenge na waliyoyasikia, wataje na mwaka. Wasiongeze neno juu ya haja yake: akiuliza juu ya ukuta, asipewe habari za ndoa ya mwenye nyumba. Na waseme mazuri kama wanavyosema mabaya, kwani Buzuruga ina mengi mazuri ambayo wanaoihofia kwa kusikia tu wamenyimwa.

Tumeshaambiwa kuwa jambo hili litashusha bei za nyumba za Waislamu. Litashusha bei za baadhi. Zilizopandishwa kwa ndoo mbili za rangi, hizo zitashuka, na fedha hiyo haikuwa ya muuzaji hata siku moja. Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya baraka hufutwa. Mwenye kuchagua ziada isiyo na baraka asitulaumu sisi.

Limebaki swali moja, ambalo tumeulizwa na vijana zaidi ya mara moja: je, mnunuzi akiwa si Muislamu, nako lazima tumweleze kasoro? Swali lenyewe linatia uchungu, kwa kuwa linaonyesha jinsi tunavyowatazama watu tunaokaa nao mlango kwa mlango. Ndiyo, ni lazima, neno kwa neno kama angekuwa Muislamu. Yasimuliwa katika vitabu vya adabu kuwa Abdullah bin Al-Mubarak, mwanachuoni mkubwa wa Hadithi aliyefariki mwaka 181 Hijria, alikuwa na jirani Yahudi. Yahudi huyo alitaka kuuza nyumba yake, akataja bei ya 2,000. Wanunuzi wakamwambia kuwa nyumba yake haizidi 1,000. Akajibu kuwa wamesema kweli: 1,000 ni bei ya nyumba, na 1,000 ni bei ya kukaa jirani na Ibn Al-Mubarak. Habari ikamfikia Ibn Al-Mubarak, akamwita jirani yake, akampa fedha na kumwomba asiiuze.